Sumu Moja, Maswali Sita: Jinsi ya Kupima Hatari za Dawa ya Kuulia Wadudu

Mtu aingiapo katika duka la pembejeo kununua dawa ya kuulia wadudu wa shambani, mara nyingi huuliza swali moja tu: "Hii ni kali?" Muuzaji hujibu, "Kali kiasi," naye mnunuzi huondoka na chupa yake akidhani ameshaelewa. Swali hilo si baya, lakini halitoshi. Sumu ile ile yaweza kuwa kali kiasi kwa mtu mzima aliyeigusa kwa mkono, kali mno kwa mtoto aliyeimeza, na maangamizi matupu kwa samaki ikifika majini. Kwa hiyo neno "kali" peke yake halimwambii mtu chochote mpaka tuulize: kali kwa nani, kwa njia ipi, na kwa muda gani?

Sisi wa Kigoma tuna sababu mbili za kulijua somo hili. Kwanza, mkoa wetu ni wa wakulima. Kahawa ya Kalinzi, tumbaku na pamba za Kasulu na Kibondo, pamoja na maharage, mahindi na nyanya za kila mahali, hupigwa dawa. Pili, mito na vijito vyetu, mkubwa ukiwa Malagarasi, humwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika. Ziwa hilo ndilo linalotupatia dagaa na migebuka, na katika vijiji vingi vya mwambao ndilo kisima cha watu. Dawa inayomwagika shambani leo yaweza kufika sufuriani kesho.

Katika somo hili tutachukua sumu moja na kuipima hatua kwa hatua. Sumu hiyo ni endosulfani, ambayo wakulima wengi wa pamba waliifahamu kwa jina la biashara la Thiodan. Ilianza kuuzwa duniani katika miaka ya 1950. Mwezi Aprili 2011, nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm unaohusu sumu zinazodumu katika mazingira zilikubaliana kuiondoa katika matumizi, zikiacha nafasi chache za muda tu. Tanzania ni mwanachama wa mkataba huo tangu mwaka 2004. Tumeichagua kwa sababu inaonyesha vizuri jinsi sumu moja inavyoweza kuwa na sura nyingi, na kwa sababu chupa kuukuu za dawa za zamani huweza kubaki kwenye stoo na juu ya dari miaka mingi baada ya dawa yenyewe kukatazwa.

HATARI NA KUDHURIKA

Kabla ya kuanza, tutofautishe mambo mawili. Hatari ni uwezo wa kitu kuleta madhara. Kudhurika ni pale uwezo huo unapomfikia mtu. Mamba wa Malagarasi ni mnyama wa hatari hata akiwa ng'ambo ya pili. Ukali wake haupungui kwa sababu wewe uko mbali. Lakini anayechota maji karibu naye ndiye aliye katika nafasi ya kudhurika.

Wataalamu wanapopanga sumu katika madaraja, wanapima ukali wa mamba. Hawapimi umesimama wapi. Hilo la pili ni kazi yako wewe mwenye kununua, kubeba, kuhifadhi na kupiga dawa. Ndiyo maana dawa ya daraja la chini iliyowekwa katika chupa ya soda chini ya kitanda yaweza kuua mtoto, na dawa ya daraja la juu iliyofungiwa kabatini isimguse mtu.

SWALI LA KWANZA: IKIMEZWA, INAUA KWA KIASI GANI?

Shirika la Afya Duniani hupanga dawa za kuulia wadudu na magugu kwa kipimo kinachopatikana katika majaribio ya panya. Wataalamu hutafuta ni miligramu ngapi za sumu, kwa kila kilo moja ya uzito wa mwili, zinazotosha kuua nusu ya panya wa majaribio. Kadiri namba hiyo inavyokuwa ndogo ndivyo sumu inavyokuwa kali, maana kidogo tu kinatosha kuua. Wengi hukosea hapa wakidhani namba kubwa ndiyo sumu kubwa.

Kwa sumu inayomezwa, madaraja ni haya:

Daraja la Ia, hatari kupindukia: chini ya miligramu 5. Mfano ni aldikabi, ambayo kipimo chake hakifiki hata miligramu 1.

Daraja la Ib, hatari sana: miligramu 5 hadi 50. Mfano ni monokrotofosi, yenye kipimo cha 14.

Daraja la II, hatari ya wastani: zaidi ya 50 hadi 2,000. Humu imo endosulfani yetu yenye kipimo cha 80, pamoja na DDT yenye 113.

Daraja la III, hatari kidogo: zaidi ya 2,000. Mfano ni malathioni, yenye kipimo cha 2,100.

Daraja la mwisho, linaloandikwa kwa herufi U, ni la dawa zenye kipimo cha 5,000 na kuendelea, ambazo hazielekei kuleta sumu ya ghafla zikitumiwa kama inavyoelekezwa.

Kwenye lebo, madaraja haya huonyeshwa kwa utepe wa rangi sehemu ya chini. Nyekundu ni Ia na Ib, njano ni II, buluu ni III, na kijani ni U.

Sasa angalia jambo moja. Daraja la njano ni pana mno. Sumu yenye kipimo cha 80 na nyingine yenye kipimo cha 1,900 zote huvaa utepe wa njano, ingawa ya kwanza ni kali zaidi ya mara ishirini kuliko ya pili. Endosulfani imesimama karibu kabisa na mpaka wa nyekundu, lakini mnunuzi aliyeona njano na kusikia neno "wastani" angeweza kudhani iko mbali.

Tufanye hesabu. Mtoto wa kilo 10, kwa kipimo cha miligramu 80 kwa kilo, tunapata miligramu 800, yaani gramu 0.8. Thiodan iliyouzwa kama dawa ya maji ya asilimia 35 ilikuwa na gramu 350 za endosulfani katika kila lita. Gramu 0.8 zinapatikana katika mililita 2 na kidogo, yaani nusu ya kijiko cha chai. Tena kipimo hiki ni cha panya. Hakuna anayeweza kuahidi kwamba mtoto atavumilia kama panya. Binadamu aweza kufa kwa kiasi kilicho chini ya hapo.

Kwamba panya si mtu tunaliona wazi zaidi kwa parakwati, dawa ya kuulia magugu. Kipimo chake kwa panya ni 150, hivyo nayo imo katika daraja la II. Hata hivyo funda moja tu la dawa hiyo isiyochanganywa na maji linatosha kumwua mtu mzima, pengine baada ya siku kadhaa za mateso ya mapafu na figo, na hakuna dawa inayoiondolea nguvu. Hapo mtu aliyetegemea rangi ya utepe peke yake ameshapotea.

SWALI LA PILI: INAINGIA KWA NJIA GANI?

Sumu haina mlango mmoja. Huingia kwa kinywa, kwa ngozi, kwa pumzi na kwa macho. Mkulima anayebeba bomba la mgongoni linalovuja hajameza kitu, lakini shati lililolowa mgongoni kwa saa nne limemlisha sumu kupitia ngozi. Jasho na joto huzidisha jambo hilo, na dawa iliyoyeyushwa katika mafuta hupenya ngozi kwa urahisi zaidi. Endosulfani ilikuwa hatari sana ikimezwa au ikivutwa kwa pumzi, na hatari kiasi ikipita kwenye ngozi. Kwa hiyo sumu hiyo hiyo hupewa daraja lake kwa kila mlango.

Mfano tunaouelewa wote hapa ziwani ni mafuta ya taa. Kwa kipimo cha panya, mafuta ya taa si sumu kali hata kidogo. Lakini mtoto aliyekunywa mafuta ya taa yaliyowekwa katika chupa ya soda, akapaliwa au akatapika, mafuta hayo humwingia mapafuni na kumletea homa ya mapafu inayoweza kumwua. Hatari yake kubwa iko kwenye pumzi kuliko tumboni. Ndiyo maana tunakatazwa kumtapisha mtoto huyo.

SWALI LA TATU: INASHAMBULIA KIUNGO GANI, NA TIBA IKO?

Endosulfani hushambulia ubongo na mishipa ya fahamu. Mgonjwa huanza kwa kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kutetemeka, kisha aweza kupata degedege kali, hata kama ni mtu mzima asiyepata kuugua kifafa maishani mwake. Hakuna dawa maalumu inayoiondoa nguvu sumu hii. Hospitali hufanya kazi ya kutuliza degedege, kulinda njia ya hewa na kumsaidia mgonjwa mpaka mwili uitoe sumu yenyewe.

Dawa za jamii ya oganofosfati, kama malathioni na monokrotofosi, hufanya kazi tofauti. Mgonjwa hutokwa na mate mengi, jasho na machozi, mboni za macho husinyaa, huharisha, na kifua hujaa maji akashindwa kupumua. Huyu ana dawa. Inaitwa atropini, na ikiwahi huokoa maisha.

Unaona basi kwamba wagonjwa wawili wanaweza kuletwa hospitalini siku moja, wote "wamekunywa dawa ya wadudu", lakini tiba zao si moja. Daktari wa Maweni au mganga wa zahanati ya kijijini hawezi kulijua jina la sumu kwa kumtazama tu aliyeileta. Lebo ndiyo inayomwambia. Anayemkimbiza mgonjwa hospitali na kuiacha chupa nyumbani ameacha nusu ya msaada.

SWALI LA NNE: INAFANYA NINI KWA MUDA MREFU?

Rangi ya utepe inazungumzia sumu ya ghafla, ile inayoonekana ndani ya saa au siku chache. Haisemi neno juu ya miaka kumi ijayo. Kwa hilo ziko orodha nyingine.

Mwaka 2015, kamati ya wataalamu wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, iliyokutana mjini Lyon, Ufaransa, iliiweka malathioni katika kundi la vitu ambavyo pengine husababisha saratani kwa binadamu. Mwaka huo huo DDT nayo iliwekwa humo. Kumbuka kwamba malathioni imo katika daraja la III, la utepe wa buluu! Haina ukali mkubwa wa ghafla, lakini katika orodha ya muda mrefu haikuwa na jina safi. Yafaa kueleza pia kwamba orodha hiyo inapima uzito wa ushahidi. Haisemi kwamba kila aliyegusa dawa hiyo ataugua.

Kuhusu endosulfani, mfano unaojulikana sana unatoka wilaya ya Kasaragod, jimbo la Kerala nchini India. Huko dawa hii ilinyunyizwa kwa ndege juu ya mashamba ya mikorosho tangu miaka ya 1970 hadi mwaka 2000. Wakazi walilalamika kwa miaka mingi juu ya watoto waliozaliwa na ulemavu na juu ya magonjwa ya mishipa ya fahamu. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Rufani ya nchi hiyo ilisimamisha utengenezaji na matumizi yake, na mwaka 2017 iliamuru serikali ya jimbo iwalipe fidia walioathirika. Watu wale hawakunywa dawa chupani. Waliishi tu chini ya ndege.

SWALI LA TANO: INASHIKA MOTO?

Swali hili husahauliwa na wengi. Dawa nyingi za maji huyeyushwa kwanza katika vimiminika vya jamii ya petroli, na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Thiodan ya maji. Chupa ya namna hiyo ikikaa karibu na jiko, au karibu na karabai na madumu ya petroli ya injini ya boti, hatari ni mbili kwa pamoja: moto wenyewe, na moshi wenye sumu utokao humo. Kwa sababu hiyo makopo matupu ya dawa hayachomwi moto nyumbani.

SWALI LA SITA: IKIFIKA MAJINI?

Hapa ndipo endosulfani ilipoonyesha sura yake mbaya kuliko zote. Kwa panya ni ya "wastani". Kwa samaki iko katika daraja la juu kabisa la hatari. Katika majaribio, aina nyingi za samaki wa maji yasiyo ya chumvi hufa nusu yake ndani ya siku 4 katika maji yenye chini ya maikrogramu 10 kwa lita. Gramu moja ina maikrogramu milioni moja. Sasa hesabu: lita moja ya dawa ya asilimia 35 inatosha kufikisha kiwango cha maikrogramu 10 katika lita milioni 35 za maji. Hiyo ni ghuba yenye urefu wa meta 100, upana wa meta 100 na kina cha meta 3 na nusu. Chupa moja tu!

Wazee wetu walijua tangu zamani kwamba kuna kitu kinachoua samaki kisimwue mlaji papo hapo. Walitwanga majani ya utupa na kuyatia katika vijito. Lakini sumu ya utupa huvunjika kwa jua ndani ya siku chache. Endosulfani haivunjiki upesi hivyo. Hukaa katika udongo na tope, na mabaki yake nayo ni sumu. Tusijidanganye kwa kusema kwamba "hata babu zetu walivua kwa sumu". Tena sheria ya uvuvi ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu ya aina yoyote, utupa ukiwa ndani yake.

Majirani zetu wa Ziwa Victoria walijifunza somo hili kwa gharama kubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 baadhi ya wavuvi walimwaga dawa za mashambani majini ili wapate samaki upesi, na endosulfani ilitajwa miongoni mwa dawa hizo. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa ziwa hilo kutoka Uganda, Kenya na Tanzania. Viwanda vilisimama, na wavuvi waliotumia nyavu halali wakakosa soko pamoja na waliotumia sumu.

Ziwa letu lina udhaifu wake wa pekee. Lina kina cha meta 1,470, la pili kwa kina duniani, na mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga upande wa Kongo. Inakadiriwa kwamba maji hukaa humo kwa zaidi ya miaka 400 kabla ya kutoka. Kinachoingia hakitoki upesi. Dagaa hula vijidudu vya majini, migebuka hula dagaa, nasi tunakula wote wawili; sumu inayodumu hupanda ngazi hiyo ikizidi kujikusanya. Mtu asidhani pia kwamba kuanika dagaa juani au kukaanga samaki ni njia ya kuondoa sumu ya dawa. La hasha. Samaki waliokutwa wamekufa kwa wingi wakielea hawaokotwi kuliwa wala kuuzwa. Taarifa ipelekwe kwa ofisa uvuvi au serikali ya kijiji.

KUISOMA LEBO

Umoja wa Mataifa ulipitisha mwaka 2002 utaratibu mmoja wa alama kwa dunia nzima. Alama hizo ni 9, nazo huchorwa ndani ya umbo la pembe nne lililosimama kwenye ncha yake, lenye mpaka mwekundu. Zifaazo kukumbukwa kwa somo letu ni hizi:

Fuvu na mifupa miwili: inaua au inadhuru vibaya ikimezwa, ikiguswa au ikivutwa kwa pumzi.

Kifua cha mtu chenye mfano wa nyota: madhara ya muda mrefu kama saratani, uzazi au viungo vya ndani, au hatari ya kuingia mapafuni.

Alama ya mshangao: madhara madogo zaidi, kama kuwasha ngozi na macho.

Kitu kinachomwagikia mkono na chuma: inaunguza ngozi na kutoboa macho.

Ndimi za moto: inashika moto.

Mti mkavu na samaki aliyekufa: inaangamiza viumbe vya majini.

Tukiipima endosulfani ya maji kwa alama hizi, ingebeba fuvu, moto, na samaki aliyekufa. Tazama ajabu hii: katika utaratibu wa rangi ilivaa njano ya "wastani", na katika utaratibu wa alama inavaa fuvu. Taratibu hizo mbili hazikuchora mipaka yao mahali pamoja. Kwa hiyo soma vyote viwili, rangi na alama, na palipo na tofauti fuata kilicho kikali zaidi.

CHUPA ISIYO NA JINA

Maswali yote sita yanategemea jambo moja: lebo iwepo. Siku unapomimina dawa katika chupa ya maji au dumu la mafuta, umefuta majibu yote sita kwa mkupuo mmoja.

Mwezi Julai 2013, katika jimbo la Bihar nchini India, watoto 23 wa shule ya msingi walikufa baada ya kula chakula cha mchana cha shuleni. Mafuta ya kupikia yalikuwa na monokrotofosi, na uchunguzi ulielekeza kwenye chombo kilichowahi kuwekwa dawa hiyo. Nchini Peru, mwezi Oktoba 1999, watoto 24 wa kijiji cha Taucamarca walikufa kwa maziwa ya unga yaliyochanganyika na parathioni, sumu ya daraja la Ia.

Sisi hapa ni watu wa mawese. Mafuta yetu husafiri katika madumu kutoka Simbo na Ilagala hadi sokoni, na dumu ni mali, halitupwi. Basi tuwe na kanuni moja isiyovunjwa: dumu lililowahi kuwekwa dawa halirudi tena kwenye mawese, maji, togwa wala mafuta ya taa, hata likioshwa kwa sabuni na mchanga mara saba. Lisuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yamiminwe ndani ya bomba la kupigia dawa yakatumike shambani, kisha litobolewe lisitamanike tena.

MTU AKISHADHURIKA

1. Mwondoe penye dawa. Wewe mwenyewe jihadhari usiguse nguo zilizolowa kwa mikono mitupu.

2. Mvue nguo hizo, umwoshe kwa maji mengi na sabuni, pamoja na nywele na kucha. Macho yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15.

3. Akiwa amemeza, usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta. Wengi huamini maziwa huua sumu, lakini sumu za jamii ya endosulfani hupenda mafuta, na maziwa huzisaidia kuingia mwilini.

4. Akizimia au akiwa na degedege, mlaze ubavu ili asipaliwe. Usimtie kitu kinywani.

5. Mpeleke upesi kituo cha tiba kilicho karibu, ukiwa na chupa yenye lebo mkononi.

Kwa dawa kuukuu isiyo na jina, usiimwage chooni wala mtoni. Iache katika chombo chake, ifungie mbali na watoto, kisha mweleze ofisa kilimo. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020 na yenye makao yake Arusha, ndiyo yenye wajibu wa kusimamia dawa za mimea nchini.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Dawa yenye kipimo cha 60 na yenye kipimo cha 600, ipi ni kali zaidi? Zote mbili zitavaa utepe wa rangi gani?

2. Kwa nini dawa ya utepe wa buluu si lazima iwe salama kwa mtu anayeipiga kila msimu kwa miaka ishirini?

3. Kwa nini daktari anahitaji kuiona chupa?

4. Taja alama ambayo mkulima anayelima kando ya kijito anapaswa kuitafuta kwanza.

Majibu: Ya 60 ndiyo kali zaidi, na zote ni njano. Rangi hupima sumu ya ghafla tu. Kila jamii ya sumu ina tiba yake. Alama ya mti mkavu na samaki.

Ndugu msomaji, kabla hujaliweka gazeti hili, ingia stoo ukaangalie. Kila chupa ya dawa iliyomo iulize maswali haya sita. Ile isiyoweza kukujibu kwa sababu lebo yake imetoka, ianze hiyo kuondolewa mahali watoto wanapoweza kufika.